Nyongeza na Chujio Langu la Pinki

Mdogo wangu ana jina alilopewa na wazazi, lakini hata mama mwenyewe, kabla hajafariki, alikuwa ameshalisahau. Mtaa mzima unamwita Nyongeza. Ukitaka kujua kwa nini, vuta kiti, maana habari zake hazisimuliwi kwa kusimama.

Huyu mtu hajawahi kukutana na kitu akakiacha kama kilivyo. Kwake yeye kila mashine iliyotoka kiwandani imebaniwa. "Dada, hawa watu wa kiwandani ni wachoyo," ananiambia, tena kwa uchungu, utadhani kadhulumiwa urithi. "Hii feni ina nguvu mara mbili ya hapa. Wameificha." Basi atachukua bisibisi aitafute hiyo nguvu iliyofichwa. Alipokuwa na miaka tisa aliitafuta ndani ya redio ya baba. Redio ikapiga ukelele mmoja, mbwa wa jirani akaruka ukuta, kisha ikanyamaza, na imenyamaza mpaka leo. Baba hakumpiga. Alikaa akaitazama ile redio, akasema, "Haya. Umeongeza." Jina likaanzia hapo.

Alivyokua yeye, ndivyo na nyongeza zake zilivyokua. Kwa fundi cherehani mmoja aliongeza kasi ya mashine ya umeme mpaka mama wa watu akashona mkono wa blauzi yake mwenyewe pamoja na gauni la bibi harusi. Kwenye kiwanda cha mikate aliongeza mwendo wa mashine ya kukandia, unga ukapanda mpaka kwenye taa, meneja akatoka ofisini kope nyeupe, nyusi nyeupe. Nyumbani kwake alitoboa upya bomba la kuogea ili maji yatoke kwa wingi, na sasa wifi yangu akioga inabidi ashike ukuta. Kila alipofukuzwa aliondoka na sentensi ileile: "Lakini ilikuwa inafanya kazi." Na ni kweli, jamani, ilikuwa inafanya kazi. Kwa dakika tatu.

Miaka arobaini na tatu mtu mzima, na hana hata kipande cha karatasi ambacho mtu mmoja duniani ameandika kwamba huyu ni fundi. Wenzake wana vyeti, wana barua, wana mihuri. Yeye ana bisibisi.

Mimi ni mtu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Mwaka wa kumi na sita huu niko kwenye meza ileile, najua nani ana meno ya bandia na nani anadanganya kuwa ni yake. Daktari wetu ni mama mpole wa sauti, mkali wa macho. Kwenye chumba cha kusubiria ameweka tangi la kioo, refu kama kitanda, la maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe hai. Nimesema hai. Mwaka wa kwanza nilidhani ni mawe ya mapambo, nikawa nashangaa mbona daktari kila asubuhi anayaamkia.

Akanieleza. Matumbawe hayatembei. Yamekaa pale yalipobandikwa, yanangoja maji yayaletee chakula na yaondoe uchafu. Maji yakisimama, nayo yanakufa. Ndiyo maana nyuma ya mawe kuna pampu mbili, mchana na usiku zinasukuma maji. Na katikati ya ufalme huo alikaa Bi Mkubwa. Ukimwona utasema ni ua, lakini ni mnyama, laini, mpana kama sahani, ana vidole mia na zaidi vinavyocheza na maji. Samaki wawili wa rangi ya chungwa walilala humo kwenye vidole vyake. Daktari alikuwa naye miaka kumi na moja. Mtoto akija analia kwa hofu ya koleo, anasimamishwa mbele ya Bi Mkubwa, mdomo unafunguka wenyewe. "Nusu ya kazi yangu anaifanya huyu," daktari alikuwa akisema. Mimi wa miaka kumi na sita sijawahi kuambiwa hivyo, lakini tuyaache.

Aliyekuwa akitunza tangi alihama. Daktari akaniuliza kama namjua mtu. Hapo ningesema simjui, leo tusingekuwa hapa. Lakini damu nzito kuliko maji, hata ya chumvi. Nikasema, "Kuna mdogo wangu."

Masharti yalikuwa wazi. Miezi mitatu ya majaribio. Mwishoni mwa miezi hiyo daktari alikuwa na safari ya wiki mbili. Akirudi akakuta tangi ni zima, atamwandikia barua, tena atawaonyesha madaktari wenzake wenye matangi kama hilo, nao watamchukua. Barua! Nyongeza siku hiyohiyo alikwenda dukani akanunua jalada la plastiki, la bluu, lenye kifungo, la kuwekea barua ambayo haijaandikwa. Nikamwambia, "Mimba yenyewe haijaonekana, wewe umeshanunua viatu vya mtoto." Akacheka. Lakini lile jalada alikuwa akilifuta vumbi kwa mkono wa shati, nikamwona.

Na sijui nini kilimpata, akatulia. Miezi mitatu anasugua kioo kwa mswaki, anapima chumvi, anabadilisha maji, hajaongeza kitu. Nikaanza kuhofu anaumwa. Wifi yangu naye akanipigia simu akauliza, "Kwani mmemfanya nini huko? Jana kaitengeneza pasi ikabaki kuwa pasi."

Daktari akasafiri. Siku ya tatu, Nyongeza akaniita mbele ya tangi. Kwenye kona ya kushoto, nyuma ya jiwe kubwa, maji yalikuwa hayaendi. Pampu moja ilikuwa imezeeka. Uchafu umetua pale, na matumbawe ya kona yameanza kujifunga na kuota ukoga wa kahawia. Tukauliza pampu mpya, wenye duka wakasema wiki sita. Tukampigia daktari, naye, Mungu amsamehe, akatamka neno ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angelitamka mbele ya mdogo wangu. "Ongeza mzunguko wa maji kidogo," alisema, "kama unaweza."

Kama anaweza! Nilimtazama Nyongeza usoni. Mtu aliyesubiri miaka arobaini kuambiwa hivyo.

Karakana ikawa meza yangu ya mapokezi. Akaeleza huku anafungua, kama kawaida yake, utadhani nimemuuliza. Pampu ile ilikuwa inatoa maji kwa mdomo mwembamba, kwa hiyo inachoma mahali pamoja badala ya kusukuma. Kinachotakiwa ni maji mengi yanayokwenda polepole, kwa upana. Akaukata ule mdomo kwa msumeno. Akatoa kile kigurudumu kidogo cha ndani kinachozungusha maji, na mahali pake akabandika panga la boti ya kuchezea ya mwanawe, ambaye hakuulizwa. Kisha akaijaribu kwenye ndoo yangu ya kupigia deki. Maji yakapanda, yakavuka ukingo, yakalowesha daftari la miadi.

"Ilikuwa inafanya kazi?" nikamuuliza.

"Subiri, dada."

Akaichomoa. Akachukua kikata kucha, akalipunguza lile panga ncha. Akajaribu. Akapunguza tena. Siku mbili nzima mtu anakata vipande vidogo kuliko punje ya mchele, anajaribu, anatikisa kichwa, anapunguza. Nami nikakaa pale nacheka na wagonjwa waliokuja kupanga miadi: "Mwoneni mtaalamu, ananyoa boti." Kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa akipunguza kitu, hilo niliona, ila sikulisema.

Likabaki tatizo moja. Pampu hizi zina kifuniko cha matundu ili zisivute kiumbe ndani, na kile cha zamani hakikutosha panga jipya. Jumatatu jioni akapita kwangu kula. Asubuhi nachuja chai, chujio sina. Chujio langu la plastiki, la pinki, la matundu madogo, nimelizoea kama mkono wangu. Nafika kazini nalikuta ndani ya tangi la daktari, limekatwa mpini, limefungwa kwenye pampu kwa uzi wa kuvulia samaki.

"Wewe mwizi!"

"Nitakununulia la chuma," akasema, na wala hakucheka. "Sikiliza, dada. Bi Mkubwa anatembea."

"Anakwenda wapi?"

"Maji yamebadilika, anatafuta mahali pa kukaa. Anakwenda kidogokidogo, usiku mmoja anaweza kuvuka jiwe. Akifika kwenye panga na hakuna chujio, atasagwa, na sumu yake itaua kila kilichomo humu. Akipata mahali atatulia, wiki moja tu hii. Chujio hilo ndilo mlango. Usiliguse."

"Nani aliguse? Labda nikitaka kuchuja chai."

Nilisema hivyo. Namnukuu mtu mjinga kuliko wote katika habari hii, na nitakufikisha kwake.

Maana ile pampu ilifanya kazi, na si kwa dakika tatu. Jumatano kona ilikuwa safi. Matumbawe yaliyokuwa yamejifunga yalikuwa yamefunguka, yanapunga. Nyongeza alisimama pale mikono nyuma, anasubiri. Nikajua anasubiri nini. Nikamwambia, "Umemwaga maji hapo chini, piga deki." Nilikuwa naamini kumsifu Nyongeza ni kutia mafuta kwenye moto.

Alhamisi asubuhi daktari akapiga simu: mama mkwe wake atapita saa tisa kuchukua meno yake ya bandia, nimpokee vizuri. Huyo mama unamsikia vizuri zaidi kuliko unavyomwona. Aliwahi kupitisha kidole kwenye meza yangu mbele ya watu, akakitazama, akauliza kama kuna mtu hulipwa kwa kazi hiyo. Nikageuka nikalitazama tangi. Katikati ya uzuri wote ule, katikati ya zambarau na kijani, limening'inia chujio la jikoni. Nikamsikia kabisa: "Kwani siku hizi hapa mnapika?"

Nilitahayari kabla hajafika. Nyongeza alikuwa amekwenda kununua chumvi ya tangi, na kutoka huko angepitiliza nyumbani. Nikakunja mkono wa blauzi, nikafungua ule uzi, nikalitoa chujio, nikalifunga kwenye karatasi ya kujifutia, nikalitia mkobani. Pampu sikuizima, maana plagi zilikuwa sita na sikujua ipi ni ipi. Nusu saa tu, nikajiambia. Akiondoka nalirudisha.

Mama mkwe alikuja, alikaa saa mbili na robo. Meno hakuyapenda. "Haya ya farasi," akasema, akayavaa, akayavua, akaniagiza kioo kikubwa zaidi, akanihadithia meno ya marehemu mumewe moja baada ya jingine. Tangi hakulitazama hata mara moja. Alipoondoka kichwa kilikuwa kinanigonga, nikafunga milango, nikaenda zangu nyumbani na mkoba wangu begani.

Ijumaa nilifika wa kwanza. Harufu ilinipokea mlangoni. Maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Wale samaki wawili walikuwa juu, ubavu. Bi Mkubwa hakuwepo, ila vipande vyake vilikuwa vinazunguka kila mahali, taratibu, kwa upana, mpaka kwenye kona ya kushoto. Na lile panga la boti lilikuwa linazunguka vizuri kabisa, wala halina kelele.

Nyongeza akaingia na mfuko wa chumvi. Akauangusha, akachomoa plagi, akatia mkono kwenye maji mpaka begani. Akapapasa chini, nyuma ya mawe, kona hii, kona ile. Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Chujio lilikuwa mkobani. Nilikuwa naweza kulisikia kwa kidole kupitia ngozi ya mkoba.

"Chujio halipo," akasema.

"Labda limesagwa pamoja naye."

Chujio la plastiki ngumu, lisagwe na panga la boti ya mtoto! Hata mimi niliona haya kujisikia nikisema. Nyongeza akaushika ule uzi wa kuvulia uliokuwa unaning'inia kwenye pampu. Haukuwa umekatika. Ulikuwa umefunguliwa, fundo kwa fundo. Akautazama, akanitazama mimi, na blauzi yangu, ileile ya jana, mkono mmoja umekauka kwa doa la chumvi.

"Labda, dada," akasema.

Tuliokoa matumbawe matatu. Mengine yote yalikufa kufikia Jumamosi.

Jumatatu daktari alirudi. Alisimama mbele ya kioo na sanduku lake la safari mkononi, hakuliweka chini. Mtoto mmoja kwenye benchi akamuuliza mama yake Bi Mkubwa yuko wapi, na mama yake akamwambia anyamaze. Daktari akaipokea ile pampu, akaigeuza, akaitazama kwa muda.

"Kazi nzuri hii," akasema. "Ilikuwaje haina kifuniko?"

Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nakuapia nilikuwa nimeshaivuta. Nyongeza akanitangulia.

"Nilisahau kufunika, daktari."

"Ulisahau."

"Ndiyo."

Daktari akanigeukia mimi. Sasa sikiliza vizuri, maana hili nitalisema mara moja. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyefiwa, nikasema, "Mimi nilimwonya, daktari. Lakini sikio la kufa halisikii dawa."

Nilimwonya wapi? Lini? Aliyeonywa ni mimi.

Hakufokewa. Daktari hafoki. Alimshukuru kwa muda wake, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nyongeza akachukua ndoo, mswaki na kikata kucha. Kwenye meza yangu akaniachia lile jalada la bluu. "Weka fomu za wagonjwa, dada," akasema. "Bado jipya." Nimeziweka. Kila siku ya kazi nalifungua na kulifunga, na kifungo chake hakijalegea.

Tangu siku hiyo, kwenye harusi, kwenye vikao, popote watu wakichoka kunyamaza, wananiambia, "Tupe ya Nyongeza." Nami nawapa: redio, cherehani, unga, kisha tangi. Watu wanajishika mbavu. Yeye mwenyewe akiwepo anacheka nao. Nikifika kwenye mkoba huwa naruka. Leo sikuruka, basi cheka ukiweza.

Jumapili iliyopita alikuja kula kama kawaida. Sasa anatengeneza majiko kwa watu, siku akiitwa. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikamwambia achemshe chai mwenyewe. Nikamsikia anafungua makabati, anatafuta chujio. Lile la chuma alilolinunua mwenyewe lilikuwa kwenye beseni la vyombo vichafu, nilisahau kumwambia. Nikasikia kopo la unga linasogezwa. Kisha karatasi ikachakarika.

Nikasimama palepale. Nyuma ya kopo la unga ndipo lilipokuwa lile la pinki, limefungwa bado kwenye ile karatasi.

Alitoka na vikombe viwili. Akaweka changu mbele yangu, akakaa, akapuliza cha kwake. Nikainua, nikanywa. Ilikuwa imechujwa vizuri, haina hata jani moja. Mdogo wangu alikuwa ananitazama kwa macho yaleyale ya Jumatano ile mbele ya kona safi, mtu anayesubiri neno moja. Nilikuwa nalo. Lilikuwa limefika kwenye meno.

"Umezidisha sukari," nikasema.

Akatabasamu, akashusha kikombe.

"Nimeongeza kidogo tu, dada."